Asilimia 3 ya Nini, na Lini? Kuelewana na Wakala Unapouza Nyumba Nairobi

Mwenye nyumba anayeamua kuuza jijini Nairobi hukutana na tarakimu moja kabla hajakutana na mnunuzi yeyote: asilimia 3, yaani kamisheni ya wakala. Wakala huitaja kama mtu anayesoma bei iliyobandikwa ukutani, na mwenye nyumba, ambaye huenda anauza nyumba kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, ama huikubali papo hapo akidhani ndivyo sheria ilivyo, ama huvutana naye mpaka ishuke kidogo, kisha wakapeana mikono. Kwa vyovyote vile, mambo yenye uzito zaidi huwa hayajaguswa: asilimia hiyo inahesabiwa kwa kiasi gani cha fedha, inadaiwa lini, analipwa nani, na inakuwaje mauzo yakivunjika njiani. Maswali hayo ndiyo yanayofaa kujadiliwa kwanza, na asilimia ikaachwa ya mwisho, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayompa mwenye nyumba kitu cha kubadilishana na punguzo.

Asilimia 3 ni mazoea ya soko, na mazoea hujadiliwa. Kwa nyumba za bei kubwa sana za Karen au Runda, mawakala hukubali kushuka, kwa kuwa hata asilimia 1 ya fedha hizo ni donge nono. Kwa fleti ndogo ya Umoja au Donholm, wengine hudai kiasi maalumu badala ya asilimia. Anayelipa, kwa kawaida, ni muuzaji. Kuna pia Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, ambayo iliunda bodi ya kusajili mawakala na kuifanya kuwa kosa kwa mtu asiyesajiliwa kuendesha kazi hiyo. Hata hivyo, yeyote anayelifahamu jiji anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi hupitia kwa watu ambao hawajawahi kuukaribia mlango wa bodi: mlinzi wa geti, keateka (mwangalizi) wa jengo, binamu wa keateka, na dalali mwenye simu mbili ambaye ofisi yake ni meza ya mkahawa. Wapo waaminifu miongoni mwao. Lakini aliyesajiliwa ana cheti cha kupoteza, na hilo peke yake linatosha kukufanya uombe kuiona namba yake ya usajili na leseni yake ya mwaka kabla ya kuanza kubishana naye kuhusu chochote.

Tatizo la "kitakachozidi ni chako"

Njia ya kulipa dalali iliyozoeleka sana Nairobi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, haitumii asilimia kabisa. Mwenye nyumba husema: "Mimi nataka milioni 12 mkononi. Kitakachozidi ni chako." Maneno haya yanavutia kwa sababu yanaonekana kumwondolea muuzaji mzigo wa hesabu: anajua atakachopata, na dalali atajitafutia chake. Ukiyafuata hatua kwa hatua, utaona yanavyomgeukia aliyeyasema.

Chukua nyumba ya orofa moja yenye vyumba vitatu vya kulala huko Buruburu. Dalali anaitangaza kwa milioni 14.5, mnunuzi anapunguziwa mpaka milioni 13.8, na ziada ya shilingi milioni 1.8 inakuwa ya dalali. Hiyo ni takribani asilimia 13 ya bei, zaidi ya mara nne ya kamisheni ya shilingi 414,000 ambayo angepata kwa asilimia 3. Mwenye nyumba aliyeona 3 kuwa nyingi amelipa 13 bila kujua.

Huo ndio upande unaoonekana. Usioonekana ni kwamba mpango huo humpa dalali sababu ya kuficha ofa nzuri. Mnunuzi akija na milioni 12.1 taslimu, mwenye nyumba angefurahi na kutia sahihi wiki hiyo hiyo. Lakini kwa dalali ofa hiyo ina shilingi 100,000 tu, kwa hiyo huenda asiitaje. Nyumba itakaa sokoni miezi, mwenyewe akiambiwa kwamba wateja hawaji, ilhali wamekuja na kurudishwa. Ndiyo maana pia dalali wa namna hii hujitahidi sana kuwatenganisha muuzaji na mnunuzi. Siku ya kuonyesha nyumba atamwomba mwenyewe atoke kidogo, "ili mteja ajisikie huru," na mnunuzi ataambiwa kwamba mzee yuko shambani Murang'a.

Mara nyingi siri hufichuka kwa wakili. Pande mbili zinaketi kwa mara ya kwanza meza moja, wakili anauliza bei ya kuandikwa kwenye mkataba wa mauzo, na watu wawili wanataja tarakimu mbili kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo hakuna njia nyoofu. Ikiandikwa milioni 13.8, muuzaji anahesabiwa na mamlaka ya ushuru kuwa amepokea fedha zote hizo, na atahitaji hati ya kuthibitisha ilikokwenda ile milioni 1.8. Ikiandikwa milioni 12, mnunuzi ndiye anayetakiwa kutoa milioni 1.8 nje ya mkataba, fedha ambazo hana ulinzi wowote juu yake na ambazo benki, ikiwa ananunua kwa mkopo, haitampa. Wala hatapata nafuu katika ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba za mjini ni asilimia 4 na hulipwa na mnunuzi, kwa kuwa mthamini wa serikali ndiye anayekadiria thamani. Mauzo mengi hufia kwenye meza hiyo.

Kisheria, wakala anapaswa kumtumikia aliyemtuma na haruhusiwi kujipatia faida ya siri kutokana na kazi hiyo. Lakini mwenye nyumba aliyetamka kwa kinywa chake kwamba kitakachozidi ni cha dalali ameukunja mwenyewe mwavuli wake kabla ya mvua. Ikiwa tayari umesema hivyo kwa mtu, andika ujumbe leo uyafute maneno hayo, na utaje asilimia badala yake.

Kwa nini wakala huharakia

Hata kamisheni ya asilimia ya kawaida ina kasoro yake, ingawa ni ndogo zaidi. Nyumba ikiuzwa milioni 14 badala ya 15, muuzaji anapoteza shilingi 970,000 baada ya kutoa kamisheni ya asilimia 3, naye wakala anapoteza shilingi 30,000. Kwa wakala, kungoja mwezi mwingine, kulipa matangazo tena na kuendesha gari mpaka Buruburu mara sita kwa ajili ya shilingi 30,000 hakuna maana. Atakushauri kwa moyo mweupe kabisa uchukue 14. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson waliupima mwelekeo huu kwa kuchambua mauzo ya takribani nyumba 100,000 katika eneo la Chicago, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba mawakala walipouza nyumba zao wenyewe waliziacha sokoni kwa siku 9.5 zaidi, na wakapata bei iliyozidi kwa asilimia 3.7 ile waliyowapatia wateja wao. Soko la Chicago si soko la Nairobi, ila hesabu iliyo kichwani mwa wakala ni ile ile.

Dawa yake ni kamisheni ya ngazi. Mnakubaliana, kwa mfano, asilimia 2 kwa bei yoyote mpaka milioni 13, na asilimia 10 kwa kila kinachozidi hapo. Wakala akiuza kwa milioni 13 anapata shilingi 260,000; kwa milioni 14 anapata 360,000, ambazo bado ni chini ya 420,000 za asilimia 3; kwa milioni 15 anapata 460,000, na mara hii amepita ile 450,000 ya kawaida. Tofauti kubwa ni kwamba sasa kila milioni ya nyongeza ina shilingi 100,000 zake badala ya 30,000, na ghafla kungoja mwezi kunakuwa na maana hata kwake. Ukilinganisha na ule mpango wa ziada, hapa bei yote iko wazi, inaandikwa kwenye mkataba, na sehemu kubwa ya nyongeza inabaki kwako.

Mpango huu una hatari moja tu ya kweli, nayo ni kuiweka ngazi chini mno. Wakala mjanja atakuambia nyumba yako haizidi milioni 11, mtaweka ngazi hapo, naye ataiuza 13 wiki ya pili. Kwa hiyo usikubali makadirio ya wakala kuwa msingi wa ngazi. Mlipe kwanza mthamini aliyesajiliwa, asiye na maslahi katika mauzo, akuandikie ripoti. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na kosa la milioni mbili, na ripoti hiyo utaitumia tena mnunuzi atakapoanza kukuambia kwamba paa ni la zamani.

Kamisheni inadaiwa lini

Mauzo ya nyumba Nairobi si tukio la siku moja. Kuna barua ya ofa. Kuna mkataba wa mauzo, ambapo mnunuzi huweka asilimia 10 ya bei, mara nyingi mikononi mwa wakili wa muuzaji. Kisha kuna kipindi cha kukamilisha, ambacho kwa kawaida ni siku 90, na ambacho hurefuka benki inapohusika. Katikati ya hatua hizo yanaweza kuzuka mambo mengi: utafutaji katika Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ukaonyesha zuio kwenye hati, malimbikizo ya ushuru wa ardhi wa kaunti, mume au mke ambaye hajatoa ridhaa, au mkopo wa mnunuzi ukakataliwa. Wakala atasema kazi yake ilikuwa kuleta mnunuzi, na amemleta. Muuzaji atasema kazi ilikuwa kuuza, na nyumba haijauzwa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kutegemea maneno waliyoandikiana.

Uzito wa maneno hayo ulionekana mwaka 1941, Baraza la Malodi la Uingereza lilipoamua kesi ya Luxor dhidi ya Cooper. Wakala alikuwa ameahidiwa pauni 10,000 mauzo ya majumba ya sinema yatakapokamilika. Alileta wanunuzi waliokuwa tayari na wenye uwezo, lakini wamiliki wakabadili nia kabla mkataba wa mauzo haujafungwa, na hakulipwa kitu, kwa sababu ahadi ilifungamanishwa na kukamilika. Mahakama za Kenya, ambazo sheria zake za mikataba na uwakala zimejengwa juu ya msingi huo huo wa Kiingereza, huanza pia kwa kuangalia makubaliano yalisemaje. Barua inayosema "kamisheni italipwa wakala akishaleta mnunuzi aliye tayari" na inayosema "kamisheni italipwa muuzaji akishapokea bei yote" zinatofautiana kwa laki kadhaa, ingawa zote mbili zina asilimia 3 juu yake.

Msimamo wangu ni kwamba muuzaji ashikilie kukamilika, lakini asimwache wakala akielea. Wakala aliyewahi kudhulumiwa, na ni wachache sana ambao hawajawahi, anahofia kwamba hati ikishahamishwa simu yake haitapokelewa tena. Hofu hiyo ina bei, na unaweza kuinunua kwa kumwagiza wakili wako amwandikie wakala ahadi ya kitaalamu kwamba atamlipa moja kwa moja kutoka kwenye fedha za mauzo zitakapopita mikononi mwake. Wakili hawezi kuichezea ahadi ya namna hiyo, kwa kuwa inamfunga yeye mwenyewe. Muuzaji haimgharimu chochote cha maana, ilhali kwa wakala ni tofauti kati ya deni la matumaini na deni la uhakika. Akiendelea kudai nusu wakati wa kutia sahihi, mpe robo, na muandike kwamba itarudishwa ikiwa mnunuzi atashindwa kukamilisha. Kwa upande mwingine, ni haki kukubali kwamba muuzaji akivunja mauzo kwa kupata tamaa ya bei nyingine, wakala alipwe kitu kwa jasho lake.

Wakala mmoja au kumi

Wengi huamini kwamba nyumba ikitangazwa na mawakala kumi itauzwa mara kumi kwa haraka. Kinachotokea ni kwamba fleti moja ya Kilimani inaonekana mtandaoni kwa bei tano tofauti, picha zile zile zikirudiwa, na mnunuzi anahitimisha kwamba ama mwenyewe amekwama ama kuna ujanja. Hakuna kati ya mawakala hao anayetumia fedha zake kwa picha nzuri, kwa sababu uwezekano wa yeye kuvuna ni mmoja kwa kumi. Kisha mnunuzi anapopatikana, watatu wanadai ni wao waliomleta. Kanuni ya jumla ya kisheria ni kwamba anayestahili kamisheni ni yule ambaye juhudi zake ndizo zilizosababisha mauzo, lakini kuithibitisha kunahitaji ushahidi, na mwenye nyumba asiye na maandishi anaweza kujikuta akidaiwa na zaidi ya mmoja. Ikumbukwe kwamba sharti la maandishi linahusu mkataba wa kuuza ardhi yenyewe. Ahadi ya kamisheni inaweza kujengwa juu ya ujumbe wa WhatsApp wenye neno moja, "sawa".

Kumpa wakala mmoja haki ya peke yake kwa muda mfupi, tuseme miezi mitatu, ndicho kitu chenye thamani kubwa ambacho muuzaji anaweza kumpa bila kutoa mfukoni. Kitoe kwa masharti. Kamisheni ya madalali wote walio nyuma yake, pamoja na keateka na binamu yake, itoke ndani ya asilimia mliyokubaliana. Aeleze kwa maandishi iwapo anapokea chochote kutoka kwa mnunuzi pia. Wewe mwenyewe ukimpata mnunuzi, ndugu au jirani, bila mkono wa wakala, ijulikane tangu mwanzo kama atalipwa nusu au halipwi. Na mkataba ukiisha, awe na haki kwa wale tu ambao majina yao alikukabidhi kabla ya siku ya mwisho, kwa muda wa miezi kama miwili. Vinginevyo kila atakayepita getini mwaka mzima atakuwa "mteja wangu yule".

Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa mafupi kuliko haya yote. Fikiria mama mmoja wa South C, mwalimu mstaafu, ameketi barazani na wakala kijana aliyevaa suti:

"Mama, sisi ni tatu. Hiyo ndiyo ya kila mtu."

"Sawa, kijana wangu. Tatu ya bei mliyotangaza au ya bei itakayoandikwa kwenye mkataba?"

"Ya mkataba, mama."

"Na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, iko ndani?"

"Hiyo ofisi huongeza juu."

"Basi si tatu. Ni karibu tatu na nusu. Na mnalipwa lini?"

"Mnunuzi akiweka ile asilimia kumi, tunachukua yetu yote."

"Hapana, baba. Wakili wangu atawaandikia ahadi, mtalipwa siku nitakayolipwa mimi. Nyumba nitakuachia wewe peke yako miezi mitatu, bango moja tu getini, la kwako. Kwa hayo mawili utanifanyia ngapi, VAT ikiwa ndani?"

Kijana hutazama simu, kisha geti. "Mbili na nusu, mama."

Swali lile la VAT si la kupuuzwa. Wakala aliyesajiliwa kwa kodi hiyo analazimika kutoza asilimia 16 juu ya kamisheni yake, hata kama nyumba yenyewe, kwa kuwa ni ya makazi, haitozwi. Kwa nyumba ya milioni 20, asilimia 3 ni shilingi 600,000, na VAT yake ni 96,000. Kama ni juu au ni ndani, liandikwe.

Neno kwa walio ughaibuni, ambao mara nyingi huuza nyumba za Nairobi wakiwa wamesoma miongozo ya Marekani. Kule kamisheni ya asilimia 5 au 6 ilizoeleka kwa sababu muuzaji alilipia wakala wake na wa mnunuzi pia, na mfumo huo ndio uliotikiswa na suluhu ya kesi iliyofikiwa na chama cha kitaifa cha mawakala Machi 2024, kwa dola milioni 418, na kanuni mpya zilizoanza Agosti mwaka huo. Nairobi haina orodha ya pamoja ya nyumba zinazouzwa, inayotumiwa na mawakala wa pande zote, kama yao, na mnunuzi wa kawaida hana wakala anayemlipa. Anayekuambia utoe asilimia 6 "kama kule" anakuuzia desturi ya nchi nyingine.

Limebaki suala la kodi. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya mtaji nchini ni asilimia 15 ya faida, baada ya kupandishwa kutoka 5. Aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza amesamehewa, lakini nyumba uliyokuwa ukiipangisha haimo katika msamaha huo. Kamisheni ya wakala, pamoja na ada ya wakili, ya mthamini na gharama za matangazo, huruhusiwa kupunguzwa katika hesabu ya faida. Kwa hiyo kamisheni ya shilingi 420,000 hukupunguzia kodi ya shilingi 63,000, alimradi una ankara ya kodi na risiti yenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya aliyelipwa. Dalali anayetaka alipwe taslimu kwenye bahasha, akakushushia nusu asilimia kwa fadhila hiyo, kwa nyumba ya milioni 14 amekupunguzia shilingi 70,000 na kukunyima 52,500 za kodi kwa zile 350,000 utakazompa. Na ukija kugombana naye, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mliwahi kujuana.